Mlango Usiozuia Upepo

Kila Ijumaa, saa nne kamili asubuhi, Mahakama ya Rufani ya jimbo ilikuwa ikitoa hukumu zake za wiki, na ikifika saa nne na dakika mbili Lorna Stamper alikuwa ameshapata mtu wa kumdharau.

Alikuwa na meza yake katika mgahawa wa Wilma, mkabala na mahakama ya wilaya, mjini Brantley. Ilikuwa meza ya pembeni karibu na plagi ya umeme, maana kompyuta yake ilikuwa kuukuu na haikuweza kukaa hata nusu saa bila kunyonya umeme. Wilma alimletea kahawa na skonzi mbili zenye mchuzi mweupe wa soseji bila kuulizwa, kisha akajiweka mbali. Mgeni akitaka kuketi pale aliambiwa kwa upole kwamba pana mwenyewe, hata kama siku yenyewe ni Jumanne na huyo mwenyewe yuko kwake anafua nguo.

Lorna hakuwa wakili. Hakuwahi kukanyaga darasa la sheria, na jambo hilo alilitaja mara kwa mara, kama wengine wanavyotaja kwamba hawajawahi kufungwa jela. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mpiga chapa wa mahakama ya wilaya, yule mtu anayekaa chini ya kiti cha jaji na kimashine chake akinasa kila kinachosemwa. Miaka ishirini na sita ya kuwasikiliza wasomi wakijikanyaga, naye asiruhusiwe hata kuguna. Alipostaafu, yote aliyokuwa ameyameza yakaanza kutoka, tena kwa utaratibu: kila Ijumaa jioni, kurasa nne, chini ya jina *Saa Nne*. Mawakili wa wilaya tano walilingojea gazeti hilo, na majaji kadhaa walilisoma kwa siri na kukana hadharani.

Utaratibu wake haukubadilika. Kila hukumu ilipewa mistari mitatu. Wa kwanza ulisema kilichotokea, wa pili ulisema kilichoamuliwa, na wa tatu ulikuwa wa Lorna mwenyewe. Hakuna wakili aliyeanza kusoma na mstari wa kwanza.

Kuna jaji aliyetumia kurasa arobaini na moja kuamua mbuzi mmoja ni wa nani kati ya majirani wawili. Mstari wa tatu: "Mbuzi ameshakufa kwa uzee. Jaji bado anaandika." Kuna mwingine aliyesema jambo fulani ni wazi kabisa, akalirudia hilo la uwazi mara tisa, na Lorna akauliza kama lililo wazi huapishwa mara tisa. Na wale wapenzi wa kusema "hatuna haja ya kuliamua swali hili leo" aliwachukia kuliko wezi. Aliwaandikia kwamba watu wametoka milimani na mvua, wamekaa kwenye viti vya mbao tangu asubuhi kusubiri jibu, wanaambiwa na mtu aliyevaa joho kwamba hana haja.

Alikuwa na nadharia yake kuhusu kabila zima la watu wa mahakama, na Wilma aliishika kwa moyo kwa jinsi alivyoisikia mara nyingi. Majaji hawaandiki wenyewe. Wanaoandika ni vijana waliotoka chuoni juzi, na jaji hutia saini kama mtu anayepokea kifurushi mlangoni. Mawakili nao hunukuu kesi ambazo hawajazisoma. Wanachapa neno kwenye kompyuta, likijitokeza wanalinyofoa na kulibandika, hawajali lilikuwa limekaa kati ya maneno gani. "Hawasomi, Wilma," alikuwa akisema huku akipangusa mchuzi kwa kipande cha skonzi. "Nakuapia, hawa watu hawasomi." Haikumpitia akilini kwamba kama ni kweli hawasomi, basi hata yeye hasomwi.

Ijumaa jioni, akishamaliza kuchapisha na kutuma, alichukua nakala moja na kushuka nayo barabarani mpaka kwa mdogo wake, Delbert, nyumba ya pili kutoka kwake. Alipita nyuma, akasukuma mlango wa wavu bila kubisha hodi, akaingia kibarazani, akamwekea gazeti mezani. Delbert hakulisoma. Alishukuru, akaweka juu yake kopo la minyoo ya kuvulia samaki, na wakazungumza mambo mengine. Miaka kumi na zaidi mambo yalikwenda hivyo bila yeyote kati yao kulalamika.

Delbert Stamper alikuwa dereva wa basi la shule namba kumi na nne. Mkewe alikuwa amefariki, hakujaliwa mtoto, na lile basi la njano ndilo lililombakiza duniani. Miaka ishirini na tisa hakuwahi kulikwaruza. Aliwajua watoto wa Brantley kwa vituo vyao, akawajua wazazi wao kwa vituo vilevile, maana nao aliwabeba. Kila asubuhi saa moja kasoro dakika kumi, akipita mbele ya nyumba ya dada yake, alipiga honi mara mbili, fupi, na Lorna aliinjika kahawa kwa honi ile. Saa ya jikoni ilikuwa imekufa tangu mwaka ambao hakuna aliyeukumbuka, na haikutengenezwa kwa sababu haikuhitajika.

Sasa, kile kibaraza. Kwenye vilima vile, nyumba bila kibaraza cha nyuma chenye wavu wa mbu haijawa nyumba, ni boksi. Mwezi wa Julai watu hulala humo. Humo humenywa maharage, humo hutongozwa wachumba, humo huwekwa marehemu jeneza likisubiriwa. Mama yao Lorna na Delbert alikata roho kwenye kibaraza hicho hicho, kwenye kitanda cha kamba, kwa sababu alikataa katakata kufia chumbani ambako hakuna hewa.

Kwa hiyo miaka kumi na moja nyuma, Mahakama ya Rufani ilipoamua kesi ya mtu mmoja aitwaye Crisp, Lorna aliona damu inamchemka. Askari walikuwa wamefungua mlango wa wavu wa Crisp bila hati ya jaji, wakaingia kibarazani kwake na kukuta misumeno ya wizi. Crisp alikuwa mwizi, hilo hakuna aliyebisha. Lakini majaji, badala ya kuishia hapo, wakaandika kwamba kibaraza cha wavu si sehemu ya nyumba, ni kama uwanja tu, na askari hahitaji ruhusa kuingia uwanjani. Lorna aliisoma mara mbili, skonzi zikapoa. Kisha akaandika mstari wa tatu ambao kwa kweli ulikuwa mistari minne, na kila aliyeusoma siku ile alicheka mpaka akakohoa:

"Sasa tumeelimishwa. Mlango usioweza kuzuia upepo hauwezi kuzuia polisi. Wananchi wanaopenda faragha wanashauriwa kulala ndani ya friji, ambalo mlango wake unaziba vizuri. Mungu aibariki Mahakama ya Rufani na viyoyozi vyake."

Mtu mzima mwenye akili timamu angeweza kusoma hapo asijue kwamba anazomewa mtu? Lorna angekuapia kwamba hayupo. Alikuwa amesahau nadharia yake mwenyewe.

Miaka minane baadaye, mwendesha mashtaka wa wilaya jirani aliyekuwa akitafuta maneno ya kutetea askari wake alichapa "mlango" na "polisi" kwenye kompyuta yake, na ile sentensi ya pili ikajitokeza. Akainyofoa. Akaibandika kwenye hoja zake za maandishi, peke yake, bila friji na bila viyoyozi, chini ya maneno "kama alivyoeleza kwa ufasaha mchambuzi mashuhuri wa mahakama zetu." Jaji wa huko akaipenda, akaitia kwenye uamuzi wake. Jaji mwingine akaichukua kwa huyo. Hakuna hata mmoja aliyefungua gazeti lenyewe.

Hobart Nunley, wakili mzee wa Brantley aliyefahamiana na Lorna tangu enzi za mahakamani, ndiye aliyemletea habari. Alikuja mgahawani na karatasi kwapani, akakaa bila kukaribishwa, akamwonesha. Lorna alisoma, akacheka, akasoma tena. Halafu akafanya jambo ambalo Nunley hakulitarajia. Aliomba aachiwe ile karatasi.

"Bi Lorna, wamekunukuu kinyume," Nunley akamwambia.

"Nimeona."

"Basi waambie. Mistari miwili tu kwenye gazeti lako. Sema ulikuwa unawakejeli."

"Hobart, mtu mwenye digrii mbili akishindwa kuona kwamba anachekwa, mimi mpiga chapa nimsaidieje?"

"Usiwasaidie wao. Kuna watu wengine watakuja kusimama mbele ya sentensi hiyo."

Lorna akamwambia atalifikiria. Hakulifikiria. Ukweli, ambao hakumwambia Nunley wala Wilma wala mtu mwingine, ni kwamba alikuwa amevimba kichwa. Miaka ishirini na sita alikaa chini ya viti vyao akinakili maneno yao, na sasa wao walikuwa wananakili yake. Mchambuzi mashuhuri! Yeye aliyekuwa akiwachamba watu kwa neno kama hilo, aliyewaita mawakili tausi na majaji majogoo, alikwenda nyumbani akakata ule ukurasa kwa mkasi, akaubana kwenye mlango wa friji kwa sumaku yenye umbo la bata. Na wa pili ulipokuja akaubana chini yake. Delbert alipouliza ni nini hizo, alimwambia kwamba ni wajinga wawili wanaomsifu. Alisema hivyo kwa dharau kubwa, lakini hakuzibandua.

Ikapita miaka miwili na ushee. Jumamosi moja ya Agosti, Delbert alirudi kutoka kwenye karamu ya samaki ya kikosi cha zimamoto, akaegesha lori lake dogo la kijani, akaingia kibarazani kwake, akafungua bia. Alifungua ya pili. Alikuwa kwenye ya tatu pale askari kijana wa wilaya alipotokea upande wa nyuma na tochi, ingawa jua lilikuwa bado halijazama. Mtu alikuwa amepiga simu kwamba lori limeangusha sanduku la barua kwenye kona na kukimbia. Askari alikuwa amegusa lori la Delbert akakuta injini ina joto, na hapohapo akawa amemaliza upelelezi.

Askari alimwamuru atoke nje. Delbert, ambaye alimbeba askari huyohuyo kwenye basi kuanzia darasa la kwanza mpaka la nane, alimjibu bila ukali kwamba yuko nyumbani kwake, na kama anamtaka akalete karatasi ya jaji. Askari akafungua mlango wa wavu, akaingia, akampulizisha kifaa cha kupima pombe palepale kwenye kiti chake. Kifaa kikasema amelewa kiasi cha kutoruhusiwa kuendesha. Bila shaka kilisema hivyo. Mtu alikuwa amekaa nyumbani kwake anakunywa bia. Lile sanduku la barua halikukutwa na hata chembe ya rangi ya kijani, lakini hilo halikumsumbua mtu, maana sasa walikuwa na kifaa na namba.

Dereva wa basi la shule akipatikana na hatia ya kuendesha amelewa, bodi ya shule haimpi onyo wala likizo. Anavuliwa basi, basi. Kwa hiyo kesi nzima ya Delbert, na maisha yake, vilining'inia kwenye swali moja: askari alikuwa na haki ya kuufungua ule mlango? Kama hakuwa nayo, kipimo kinatupwa na kesi inakufa. Kama alikuwa nayo, Delbert kwisha. Wakati wa kusubiri bodi ilimwachia basi lake, naye kila jioni aliliosha yadi, na wenzake walisema namba kumi na nne ilikuwa inang'aa kuliko siku iliyotoka kiwandani.

Nunley alimtetea. Jaji wa wilaya, Eustace Pennick, alikuwa mzee mkimya aliyekulia milimani, na uamuzi wake ulikuwa kurasa mbili. Aliandika kwamba wavu ni ukuta, kwamba mwenye nyumba aliutundika ili wasioalikwa wabaki nje, mbu na askari kwa pamoja. Kipimo kikatupwa. Wiki ile, kwa mara ya kwanza tangu *Saa Nne* lianze, mstari wa tatu ulisema tu: "Sina neno." Delbert aliambiwa na watu kwamba dada yake amemsifu jaji, akadhani wanamtania.

Mwendesha mashtaka akakata rufaa. Mwezi wa Novemba Nunley aliingia tena mgahawani kwa Wilma na karatasi kwapani, na safari hii hakukaa. Alifungua ukurasa wa sita, akauweka juu ya skonzi za Lorna.

Sentensi ilikuwa hapo, peke yake. Mlango usioweza kuzuia upepo hauwezi kuzuia polisi. Mchambuzi mashuhuri. Orodha ya mahakama zilizoikubali ilikuwa imeshafika nne.

Lorna alisema wajinga. Alisema punda, alisema vipofu, alisema mambo yaliyomlazimu Wilma kuongeza sauti ya redio. Nunley alimwacha amalize. Kisha akamwuliza, kwa sauti ya chini, kama anakumbuka mazungumzo yao ya mwaka ule.

Ijumaa iliyofuata *Saa Nne* lilitoka likiwa na nusu ukurasa wa maelezo. Lorna aliandika kwamba maneno yake kuhusu kesi ya Crisp yalikuwa kejeli toka mwanzo mpaka mwisho, kwamba aliamini na bado anaamini kibaraza ni nyumba, na kwamba yeyote aliyemnukuu vinginevyo hakusoma sentensi zilizofuata. Aliandika vizuri, kwa hasira safi. Nunley aliiambatanisha na majibu yake kwa Mahakama ya Rufani. Lorna akatulia. Alimwambia Wilma kwamba hata kama majaji wale ni mbumbumbu kiasi gani, mwandishi akisema mwenyewe alichomaanisha, nani atambishia?

Hukumu ilitoka Ijumaa moja ya mwezi Machi. Saa nne kamili orodha ilifunguka, na jina la tatu lilikuwa Stamper. Lorna aliruka zote za mwanzo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Hukumu ilikuwa na kurasa kumi na tisa. Alijua kwenye ukurasa wa pili, kwa namna walivyokuwa wakimwita Delbert "mshitakiwa" badala ya jina, kwamba wamemmaliza, lakini aliendelea kusoma kutafuta mahali watakapojikwaa. Walikuwa wanajikwaa siku zote. Sentensi yake ilikuwa ukurasa wa kumi na moja. Na chini yake, kwa herufi ndogo, tanbihi ya saba:

"Tumeoneshwa maelezo ya karibuni ambamo mwandishi anadai alikuwa akifanya kejeli. Tumesoma gazeti lake la awali lote, pamoja na sentensi za kabla na za baada. Inawezekana anasema kweli. Hata hivyo, maneno hayo yamenukuliwa mara nne katika muda wa miaka mitatu, na mwandishi, ambaye gazeti lake hutoka kila wiki na halijulikani kwa upungufu wa malalamiko, hakulalamika hata mara moja hadi ndugu yake aliposhitakiwa. Mahakama hii haiwezi kufunga mlango kwa ajili ya mtu mmoja."

Lorna alisoma tena tanbihi ile. Aliisoma mara ya tatu akitafuta kosa, tarehe iliyokosewa, hesabu iliyokosewa, hata nukta. Miaka mitatu ilikuwa mitatu. Mara nne zilikuwa nne. Mtu fulani, kijana fulani aliyetoka chuoni juzi, alikuwa ameketi na kusoma kila kitu. Safari hii walikuwa wamesoma.

Wilma alipopita na birika la kahawa alimkuta amefunga kompyuta, saa nne na robo, kitu ambacho hakijawahi kutokea. Akamwuliza wamesema nini. Lorna akamjibu kwamba wamesema kweli, akatafuta koti lake, akatoka na kuacha skonzi zote mbili.

Bado hukumu nyingine sita zilikuwa zinasubiri mistari yao, na aliziandika, mchana kutwa, mezani kwake jikoni, akiwa amelipa friji mgongo. Zilikuwa mbovu kama kawaida na alizichamba kama kawaida. Ya Delbert aliiacha mwisho. Mstari wa kwanza ulimchukua dakika mbili, wa pili dakika moja. Wa tatu alikuwa bado anao wakati watoto wa jirani walipokuwa wanashuka kwenye basi.

Jioni alichukua nakala moja na kushuka kwa mdogo wake. Alipita nyuma kama siku zote. Kwenye mlango wa wavu alisimama, akainua mkono, akagonga fremu.

"Nani?" Delbert akauliza kutoka ndani.

"Mimi."

"Wewe? Tangu lini unabisha hodi hapa?"

"Nifungulie."

"Hauna komeo, dada. Sukuma tu uingie."

"Delbert, nimesema nifungulie."

Kisha kiti kikalia, na Delbert akaja kwa soksi, akaufungua mlango kwa mkono wake mwenyewe na kuushikilia mpaka Lorna akapita. Nunley alikuwa ameshampigia simu tangu saa sita. Funguo za namba kumi na nne alikuwa amezikabidhi saa nane, bila kusubiri kuitwa, kwa sababu hakutaka msimamizi wake apate tabu ya kutafuta maneno.

Lorna akaweka gazeti mezani. Delbert akanyoosha mkono kuchukua kopo la minyoo, lakini dada yake akaliwahi na kulisogeza.

"Leo soma," akasema.

Akavaa miwani. Alisoma polepole, kidole kikitembea chini ya maneno. Mstari wa tatu ulisema: "Mwandishi aliyenukuliwa alijua tangu mara ya kwanza kwamba amenukuliwa vibaya, na aliambiwa asahihishe. Hakusahihisha kwa sababu kunukuliwa kulimpendeza. Basi limeondoka na dereva wa miaka ishirini na tisa hayumo." 

Delbert aliuliza zile karatasi za kwenye friji, za wale wajinga wawili, kumbe ndizo hizo? Lorna akasema ndizo. Delbert akavua miwani, akaivaa tena. Lorna alitamani amtukane. Alikuwa amejiandaa kwa matusi njia nzima.

"Sentensi yenyewe nzuri, lakini," Delbert akasema mwishowe. "Mtu anaikumbuka." Akalikunja gazeti mara mbili, akalitia mfuko wa shati.

Jumatatu alikuja kwa dada yake kunywa kahawa, maana hakuwa na pa kwenda saa zile. Alikuwa amevaa koti lake la kazini kwa mazoea, akalivua mlangoni alipokumbuka. Kwenye mlango wa friji palikuwa na sumaku ya bata peke yake. Lorna alikuwa hajainjika kahawa. Walikaa mezani, hawaangalii dirishani, mpaka wakasikia injini inapanda kutoka darajani, ile ile, Delbert angeitambua kati ya mia. Basi likaja, likapita mbele ya nyumba, likakata kona na kupotea.

Lorna alikuwa bado ameshika birika tupu.

"Hakupiga honi," akasema.

"Hajui kwamba hupigwa," Delbert akamjibu. "Hakuna aliyemwambia."